Giza la Ghala la Pamba

Bariadi, Aprili

Kwa kaka yangu Magese,

Mwadila, kaka. Naamini barua hii inakukuta mzima huko Dar es Salaam, wewe na wifi Gloria na watoto. Huku tu wazima. Mayu anakusalimu; mama yetu goti linamsumbua asubuhi, mchana analisahau. Pamba imeanza kupasuka shambani. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikata kabla sijamaliza. Hii utaisoma mpaka mwisho.

Chumba ulichoniagiza kiko tayari. Unajua Mahona, mwenye mitumbwi ya dagaa kule Lamadi, alikataa kuzichukua taa zako kwa kusoma maandishi tu. Taa alizotumia mwaka jana zilitawanya mwanga, na dagaa wakatawanyika nao, mbali na wavu. Sasa anataka mwanga mwembamba, na boksi lako linasema digrii thelathini. Aliniambia, “Dada, boksi haliendi ziwani. Inakwenda taa.” Akataka kipimo.

Mayu alinipa ghala la pamba, kwa sharti nilirudishe msimu ukifunguliwa. Nilipofunga mlango saa sita mchana, kila tundu la msumari kwenye bati liling'aa kama nyota. Nikawa napanda ngazi na kushuka, naziba hili naona lile. Mayu alikaa nje akicheka. Alisema wenzangu wanahangaika kutafuta umeme, mimi nahangaika kutafuta giza.

Kuta ni nyeupe, na ukuta mweupe hurudisha mwanga ukaharibu kipimo. Nikatundika kaniki nyeusi pande zote. Hapo mtaa ukajua nimekuwa mganga. Mzee Mayige, jirani yetu, alikuja na kuku mweusi, akitaka dawa ya ng'ombe wake asiyeshika mimba. Nikamweleza kwamba napima taa. Akafikiri kidogo, kisha akauliza taa hizo zinaumwa nini. Nilicheka naye, lakini swali lile lilibaki na mimi.

Kazi yenyewe ni hivi. Taa inakaa juu ya rimu ya baiskeli ya marehemu baba, nimeilaza na kuichora digrii. Kipima mwanga kiko ukuta wa mbali, hakisogei. Naizungusha taa polepole kushoto mpaka mwanga ubaki nusu ya ule wa katikati, naandika. Kisha kulia, naandika. Pembe iliyo kati ya alama hizo mbili ndiyo upana wa mwanga.

Taa ya kwanza ilinipa hamsini na nane. Nikasema chumba ndicho kibovu. Nikamulika juu, nikaona mapao yote yamevaa pamba, mabaki ya misimu mingi, meupe kama ndevu. Kaka, sijawahi kufurahia uchafu namna ile. Kaniki zilikuwa chini, na juu yake pamba ilikuwa inarudisha mwanga. Nilifagia, nikafuta, nikapaka mapao masizi ya chungu mpaka nikatoka mweusi na mayu akanikimbia. Usiku sikulala, nikisubiri vumbi litue.

Asubuhi nikapima tena. Hamsini na mbili. Nikabadili taa, nikabadili betri, nikahamisha rimu. Hamsini na mbili. Kwa siku kadhaa nimekuwa nikiingia na kutoka ghalani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Chakula nakila nimesimama. Nimekosa pengine pa kusingizia.

Juzi ulipopiga simu, nilianza kukueleza, ukasema chumba ni cha kumridhisha Mahona tu. Akishaziona kaniki na rimu nimtajie thelathini, basi. Najua uliacha ualimu kwa ajili ya taa hizi. Najua maboksi yote yako hapa, na mnunuzi ni huyu mmoja.

Jana Mahona alikuja. Mbalamwezi imekuwa kali, wavuvi wamepumzika, na giza likirudi wanaingia ziwani. Nilikusudia kukutii. Nilimwashia taa, nikaanza kuizungusha rimu, naye akainama akasoma kwa kidole, polepole, kama anayesoma Biblia. Kisha akaninyanyulia uso: “Nisomee wewe, dada. Macho yangu ya maji, alama ndogo hayazioni.”

Nilimsomea hamsini na mbili.

Hakuchukua hata moja. Hakukusema vibaya. Aliomba tu alete taa zake nyingine nizipime kabla giza halijarudi, nikakubali. Alipoondoka nilimweleza mayu yote. Akasema, “Mwandikie leo. Asilisikie hili kutoka Lamadi kwanza.”

Taa yako moja nimeiacha juu ya rimu, na mlango nimeufunga. Kama huniamini, njoo uizungushe mwenyewe. Mayu amesema pamba itasubiri barazani.

Mbusu mtoto mdogo, na wifi mwambie karanga zake namtumia kwa Joakim, huyuhuyu anayekuletea barua.

Ni mimi mdogo wako,
Kija