Redio ya Pijo ya Baba Mwenda

Jumamosi, Manyatta. Ukungu haujatoka kwenye majani chai tangu asubuhi, na koti langu bado lina unyevu.

Leo nusura tuing'oe redio ya marehemu mume wangu.

Gari lake, Pijo 504, lilikuja na redio hiyo kutoka kiwandani. Ina vitufe vitano na kijishale chekundu, lakini hushika stesheni moja tu, tena kwa kukwaruza. Watu walimcheka. Alikataa kuibadilisha.

Saa ya matangazo ya vifo ilipofika, popote tulipokuwa, hata kama lango letu lilikuwa likionekana, Baba Mwenda aliegesha kando, akazima injini, akavua kofia. Tulinyamaza mpaka jina la mwisho, tuwe tunawajua au hatuwajui.

"Mtu anapita," alikuwa akisema. "Gari inampisha."

Kisha alivaa kofia yake. "Haya, twende."

Mwezi wa nne lilisomwa jina lake. Nililisikiliza humo garini, peke yangu, kwenye kiti changu cha kushoto.

Sasa gari linaendeshwa na mwanangu, Mwenda. Leo tulikwenda nalo kwa fundi mjini Embu, redio mpya ikiwa kwenye boksi.

"Mum, hii ya Daddy ni ya makumbusho. Haina hata Bluetooth."

Ile mpya haikuingia kwenye tundu la zamani. Fundi akachukua msumeno. "Nakata dashibodi kidogo tu, mama. Hata haitasikia uchungu."

Wakacheka. Mimi nikalia, mbele ya watu, jinsi ambavyo sikulia hata makaburini.

"Usikate," nikasema.

Mwenda alirudisha boksi kwenye buti. Tulipanda mlima kurudi nyumbani, yeye akikaza macho barabarani. Nilidhani amenikasirikia.

Halafu matangazo yakaanza.

Mwenda akaegesha kando ya shamba la majani chai, akazima injini. Hana kofia kama ya baba yake, kwa hiyo akashusha ile ya sweta lake.

Majina yalisomwa, yote ya watu tusiowajua. Yakaisha. Tukabaki tumekaa, kioo kikiingia ukungu, na nikatambua kwamba sote wawili tunangoja mtu aseme, "Haya, twende."

Mwishowe Mwenda aliwasha injini, akijifuta macho.

Kesho tunakwenda kanisani na gari hilohilo. Je, nitaweza kuyasema mimi maneno yale mawili?