Tanbihi Nilizoziruka

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia kidogo, na kwamba unaweza kukaa mezani. Sisi hatujambo, ila mjukuu wako anaota meno na ameapa kwamba silali. Mwandiko ukipinda, mlaumu yeye. Yuko begani ananing'ata.

Mama ameniambia kwamba chuo kimeliondoa jarida unalolihariri kwenye orodha ya yanayotambuliwa, na walimu vijana wameanza kudai warudishiwe makala zao wazipeleke kwingine. Anasema huli. Anasema ulicheka, ukamwambia kumbe jarida ni mtoto wa watu uliyemlea miaka ishirini na miwili. Nakijua kicheko hicho, Baba.

Hujawahi kuniuliza nafanya nini hasa ofisini. Tunapima majarida ya elimu ya jamii. Tunafungua makala moja moja na kuhesabu kila jarida limetajwa mara ngapi na waandishi wengine. Lisilofika mara hamsini linakatwa kwenye orodha ambayo vyuo huifuata. Mkuu wetu hututania kwamba sisi ni wapima viazi, kama ni vitamu si kazi yetu.

Mwezi wa kuhesabu, mtoto alishikwa na homa nami nilikuwa hoi. Nikawa nahesabu orodha ya marejeo iliyo mwisho wa makala, basi. Tanbihi za chini ya kurasa niliziruka. Na watu wanaokutaja wewe, hawa wa historia na mila, karibu wote huandika marejeo yao huko chini.

Jarida lako lilikuwa kwenye fungu langu, Baba. Niliandika thelathini na moja. Moyo uliniambia nirudie, nikaogopa kuonekana nampendelea baba yangu, nikapitisha. Jumatatu nimerudia, ukurasa kwa ukurasa. Ni mia moja na nne.

Nimemwambia mkuu. Akasema orodha imeshasainiwa, haifunguliwi mpaka miaka mitatu ipite, na ninyamaze kibarua kisiote nyasi. Sikunyamaza. Nimewaandikia chuo kwa jina langu. Nakala ndiyo hiyo ndani ya bahasha. Huenda wasijibu.

Usinitetee kwao, na usiniambie si kitu. Ni kitu. Ukikasirika, kasirika, ila ule kwanza. Na ujue kwamba miaka yote hiyo walikuwa wanakusoma.

Mume wangu anakuamkia. Mbusu Mama kwa niaba yangu.

Ni mimi, kitindamimba wako.