Kibaraza Nilichokilowesha Mwenyewe

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana kichwa kimenivurugika na sijui tena ninataka nini. Mimi ni fundi cherehani, naishi mtaa wa zamani wenye nyumba za mawe zilizobanana, na chini ya dirisha langu kuna kibaraza alichojenga babu wa mume wangu, nacho ni cha kila mtu: asubuhi wazee na magazeti yao, mchana watoto wa shule wakiimba hesabu za kuzidisha, jioni vijana na simu zao, na wote wananisemesha dirishani, "Shangazi, hilo shati la nani?", "Shangazi, maji ya kunywa!", mpaka siku moja nikalikata gauni la bibi harusi mkono mmoja mfupi, nikasema basi, yamenifika hapa.

Kuwafukuza niliona haya, kwa hiyo nikawa namwaga maji kwenye kibaraza kila alfajiri, makopo mawili tu, na mengine mchana wasiponiona, nikijua hakuna atakayekalia mawe yaliyolowa, na kweli wakapungua, wakaisha. Kumbe wao wanaona nyumba yangu inaumwa! Mzee seremala wa jirani akagusa ukuta akasema, "Maskini, unyevu unapanda, nyumba itamwangukia mwanetu huyu." Wakafanya kikao bila kuniita ili nisione aibu, wakamleta mwashi, naye akakata shauri kwamba kibaraza ndicho kinachovuta maji, kivunjwe Jumamosi hii ukuta upone. Vijana wamejitolea kubeba kifusi, hata watoto wameandaa vindoo. Nami nilisimama pale pale nikasema nini? Nikasema, "Ahsanteni."

Mama mkwe wangu, ambaye miguu haimbebi na kitanda chake kiko upande huo huo wa barabarani, siku hizi haongei. Jana kaniuliza tu, "Mwanangu, watu wamehama?" Nikageuka, nikatoka. Nikisema kweli nitakuwa kichekesho cha mtaa mzima, nikinyamaza watavunja, na kinachonichanganya zaidi ni kwamba kimya nilichokitafuta nimekipata na bado sishoni, nashika mkasi nasikiliza huko barabarani. Nifanyeje?

Fundi Niliyekwama

*

Fundi, pole. Barua yako nimeirusha mbele ya foleni kwa sababu nyundo haisubiri gazeti.

Sasa nikugombeze. Ulikuwa na mdomo, ukatumia kopo! Watu wanaokuita shangazi wangekuelewa ungewaambia, "Jamani, nikishika mkasi msinisemeshe." Ulichukua haya ukazifanya ujanja, na ujanja umekuletea mwashi. Unaogopa watakucheka? Watakucheka. Mzee seremala atakununia wiki mbili, na una haki ya kununiwa.

Unasema hujui unataka nini. Huhitaji kujua yote leo. Unajua hutaki kibaraza kivunjwe, anzia hapo. Mwone mwashi faraghani, maana alikosea mbele za watu kwa sababu yako, asiaibike yeye. Kisha simama pale kibarazani uwaambie wote kwa kinywa chako, na usithubutu kusingizia bomba. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imebaki siku mbili. Ukishaomba radhi, taja saa zako: saa tatu hadi saa sita ni za kukata vitambaa, dirishani hasemeshwi mtu. Watoto watasahau, uwakumbushe. Wazee nao watasahau.

Lakini kabla ya hao wote, nenda ukakae kitandani kwa mama mkwe wako. Wengine umewasumbua tu, watapata pengine pa kukaa. Yeye hana pengine. Umemnyang'anya watu, halafu akakuuliza wewe uliyemnyang'anya, ukampa kisogo. Mwambie ni wewe. Mshike mkono, msubiri aseme lolote atakalosema, hata likiwa kali, na usinyanyuke mpaka amemaliza.