Baba Yake Bi Zuhura na Redio ya Waitaliano

Jumanne jioni

Na mimi nilikuwa nishaikatia tamaa sura ya tatu ya tasnifu yangu! Wiki nzima swali la msimamizi wangu limenikera: "Umeeleza vizuri Wazungu walichowatangazia Waarabu redioni. Waliosikiliza wako wapi?" Limenikera kwa sababu yuko sahihi.

Leo nimempelekea dawa Bi Zuhura, jirani yangu hapa mtaani Ladywood, nikamtajia redio ya Waitaliano, ile iliyotangaza propaganda kwa Kiarabu kabla ya vita vikuu vya pili. Akacheka. Kumbe babake alikuwa na mkahawa Mombasa kabla yeye hajazaliwa, na alimsimulia.

"Nyimbo za Kiarabu zikipigwa, baba alifungua sauti mpaka barabarani. Taarifa ikianza, aliipunguza."

"Kwa nini?"

"Wateja walitaka nyimbo, mwanangu. Maneno ya Mtaliano ya nini? Kwani hawakuwa na akili?"

Miaka miwili nimechambua maneno ya watangazaji, nikidhani kila aliyesikiliza aliamini. Sikuwahi kufikiria kwamba redio hupunguzwa sauti.

Naogopa bado, ushahidi wa mtu mmoja hautoshi. Lakini Bi Zuhura ana dada yake mtaa wa Erdington, na Jumamosi tutamtembelea.

Sura ya tatu niliiita "Waliodanganywa". Nimelifuta jina hilo kabla sijavua koti.