Waya Niliouchagua Mimi

Shemeji Ambakisye,

Taa ya kanisa inawaka. Nakwambia hilo kwanza maana nakujua, ndilo ungeuliza hata kabla ya kuuliza dada yangu anaendeleaje bila wewe mumewe. Inawaka nyeupe. Kwaya wanasoma nyimbo zao bila kukunja uso.

Unakumbuka ile dainamo ya upepo aliyotuachia mlowezi alipohama? Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umerudi kutoka Iringa, ulikojifunza umeme kwenye karakana ya misheni. Wazee wa kanisa wakakukabidhi kazi: fundi, tupatie mwanga. Dainamo na betri yake viko juu kilimani, kanisa liko chini bondeni. Ukaenda zako Chunya, ukarudi juu ya lori la tumbaku umekalia kebo nene nyeusi uliyoitoa kwenye mgodi uliofungwa. Umejaa vumbi mpaka kope! Nilicheka nikakaa chini. Nikasema hiyo si waya, hiyo ni kamba ya kufungia dume la ng'ombe. Tena fupi. Ukasema umeme wa betri ni mvivu, haupendi safari ndefu. Waya uwe mnene na mfupi, betri ndiyo itembee.

Nani abebe betri kila wiki kuirudisha kilimani ikajazwe umeme? Mimi, mzee wa kanisa mwenye akili zangu, nikashuka Mbeya mjini, nikachagua waya mwembamba, mwekundu, wa kutoka kilimani mpaka mlango wa kanisa. Ulipouona ulisema tu, "Huu ni wa kengele ya mlangoni, shemeji, si wa taa." Nikakujibu mbele za watu kwamba Iringa wamekufundisha kuringa.

Ukaufunga hivyo hivyo. Bado nakuona unavyosugua vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi, unakaza vibano, unapaka grisi kwa kidole, taratibu, kama unampaka mtoto mafuta. Na ule mluzi wako usio na wimbo. Siku hizi nikisikia mtu anapiga mluzi njiani nageuka.

Jioni ile globu ikatoa wekundu wa kaa linalozimika. Mtoto mmoja akauliza kama taa inaumwa. Wazee wenzangu wakanigeukia. Nami, Mungu anisamehe, nikasema labda fundi hakukaza maungio.

Hukujitetea. Ulikusanya vyombo vyako. Wakakunyang'anya kazi, sisi tukarudia karabai, wewe ukarudi Iringa kutafuta riziki. Huko kichomi kikakuchukua kabla sijakwambia kitu. Ningekuandikia. Nilikuwa naahirisha, shemeji. Kila wiki naahirisha.

Mwezi uliopita karabai ilikufa. Nikaingia stoo, nikakuta kebo yako imekunjwa vizuri, vibano vyako bado vina grisi. Nikawabembeleza wanakwaya wanne, wakaishusha betri kwa machela kama mgonjwa, wakinung'unika njia nzima. Nikafunga kebo kama ulivyotaka wewe. Loo! Mwanga ukajaa mpaka kwenye paa, akina mama wakapiga vigelegele. Wazee wakanishika mkono, wakasema nimetengeneza alichoharibu Ambakisye.

Dada alikuwa benchi la mbele. Akainamisha kichwa.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama pale pale chini ya taa, nikasema yote: waya niliuchagua mimi, fundi alinikataza, maungio yake hayakuwa na kosa hata moja, nilimsingizia ili nisiaibike. Uzee wa kanisa wameniondolea, na ni haki yao. Sasa kila anayepita anasema Ambakisye alikuwa fundi, na mimi naitikia, ndiyo, alikuwa fundi.

Dada alinisubiri mlangoni. Nilidhani atanizaba kofi, na ningeshukuru. Alisema, "Ungesema akiwa hai," akaenda zake. Ananipikia tena siku hizi, tunaongea ya mashamba na ya watoto, lakini neno lile hajalirudia wala hajalifuta.

Mvua zikikatika nitapanda lori nije Iringa pamoja naye, niyaseme haya kaburini kwako kwa mdomo wangu, yeye akisikia. Ndaga fijo, shemeji, asante sana kwa mwanga. Pumzika. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, nitakuja vilevile.

Shemeji yako,
Gwakisa