Honi ya Suhaib

Shoga, mbavu sina!

Suhaib kaja kumposa mjukuu wangu Nusaiba. Asubuhi kioo cha gari lake kilijaa barafu, akakimwagia birika zima la maji moto. Yakavuja hadi kwenye nyaya za honi.

Basi mzee wangu anafungua mdomo atoe jibu, honi nje: piiiii! Yenyewe!

"Zima!"

"Babu, haizimiki!"

Nikamwambia Suhaib, "Kitendawili!" Masikini, akaitikia, "Tega."

"Nimenyweshwa maji, sinyamazi."

"Gari langu, bibi."

Piiiii! Jirani yetu Jocelyne kadhani ndoa imeshafungwa, kaingia na vigelegele. Mtaa wetu mzima wa Malvern mlangoni, shoga!

Mzee kashusha pumzi. "Nani atawarudisha hawa? Haya, nimekubali. Sasa kakaushe gari."