Nimevaa Barakoa ya Mume Wangu, Daktari Akampongeza Yeye

Shangazi mpendwa, kabla hujanisuta naomba kwanza unisikilize, maana nimefanya jambo la kijinga kwa moyo mweupe na sasa sijui nijitoeje.

Mimi ni karani wa shule, mwaka wa ishirini na mbili huu, na mume wangu ameendesha mashine ya kusaga nafaka tangu ujana, hata majirani wanamwita Bwana Unga kwa sababu nyusi zake zilikuwa nyeupe kabla ya uzee, na vumbi lile pamoja na sigara alizokuja kuziacha juzijuzi vimemharibia mapafu, ana ugonjwa sugu usiopona, akipanda ngazi tatu anasimama kama anayesoma tangazo ukutani ili watu wasijue anatafuta pumzi. Mwaka jana nikagundua kwamba akilala anakoroma, halafu kimya, Shangazi, kimya ambacho nakihesabu hadi kumi na tano, hadi ishirini, ndipo anashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Hospitali wakampima wakasema pumzi inamkatika usingizini, na kwa mwenye mapafu kama yale hatari ni mara mbili, wakatuazima mashine inayopuliza hewa kwenye mpira hadi kwenye barakoa ya usoni, avae kila alalapo, na mashine yenyewe inaandika saa alizovaa na jinsi alivyopumua, asiyeitumia ananyang'anywa, anapewa mgonjwa mwingine.

Alivaa siku mbili. Siku ya tatu akaivua akasema, "Mke wangu, mimi na wewe tumelala tukipiga soga miaka thelathini na moja, sasa nikivaa mkonga huu wa tembo nitakuambia nini? Si nitakuwa nakupulizia tu!" Nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu siku ya kliniki ilikuwa inakaribia, nikaogopa mashine itachukuliwa, na mimi pale shuleni nimezoea kuwawekea walimu wanaochelewa sahihi kwenye daftari la mahudhurio, nikaona hili nalo ni lile lile, basi nikahamia kochi la sebuleni, nikawa navaa barakoa mimi. Miezi minne sasa. Kliniki ya kwanza daktari akatazama rekodi akasema, "Hongera baba, saa saba kila siku, na pumzi haikatiki kabisa!" Mzee wangu akavaa kilemba chake cha ukoka huku akinikonyeza, tukatoka tunacheka kama watoto.

Sasa hatucheki. Anaamka kichwa kinamgonga, anasinzia kijiko kikiwa mkononi, miguu imevimba viatu haviingii, na wiki iliyopita daktari alikuna kichwa akasema maadamu usingizini anapumua vizuri hivi, basi tatizo liko kwingine, Jumanne ijayo atambadilishia dawa. Nikisema kweli nitamwaibisha mume wangu na mashine itaondoka, nikinyamaza, Shangazi, hilo naogopa hata kuliandika. Nampenda huyu mzee. Nifanyeje?

Ni mimi, Karani Mwenye Alama za Mikanda Usoni

SHANGAZI ANAJIBU

Karani wangu, nimecheka, sikatai. Nilipofika kwenye miguu nikaacha kucheka.

Hebu isome barua yako upya. Mume alivua barakoa ili muendelee kupiga soga. Wewe ukaenda kulala sebuleni na mkonga wa tembo usoni. Soga iko wapi? Na kile kimya ulichokuwa ukikihesabu hadi ishirini, siku hizi anakihesabu nani? Mmekosa soga, mmekosa na tiba.

Mwalimu uliyemwekea sahihi atatokea saa nne akiwa mzima, na hiyo tabia nayo uiache. Mapafu hayafanyi hivyo. Daktari wenu anatibu kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni wewe, mama mwenye pumzi zako timamu kwenye kochi. Nilimuuliza muuguzi wa kliniki ya kifua, akaruka kitini. Mapafu yaliyochoka yakikatiwa pumzi tena usingizini, mwili unakosa hewa safi, hewa chafu inarundikana, na moyo unabeba mzigo wa wote. Kichwa kinachogonga na miguu inayovimba si mambo ya kusubiri Jumanne.

Kwa hiyo nenda kesho asubuhi. Mashine kwenye mfuko, mume mkononi. Sema maneno matano tu: "Daktari, pumzi ulizosoma ni zangu." Utafokewa, na unastahili. Kisha mweleze daktari kilichomshinda mumeo, kwa sababu zipo barakoa za puani tu zinazoacha mdomo wazi, na nguvu ya hewa hurekebishwa na wenyewe wanaojua. Aizoee mchana akisikiliza redio. Kama ana dawa ya mapafu ya kuvuta kwa mdomo asiiache, mashine haichukui nafasi yake. Na mtu asimletee kidonge cha usingizi wala pombe eti apumzike vizuri. Kama mashine itachukuliwa, mtaomba tena, safari hii kwa jina lake na kwa pua yake.

Halafu rudi chumbani kwako. Pigeni soga kwanza, mpaka macho yawe mazito, ndipo umfunge mikanda wewe mwenyewe kwa mikono yako.

Na wewe Bwana Unga, najua unasomewa haya. Usimkonyeze, nakuona. Mwanamke huyu amelala miezi minne na mpira usoni kwa ajili yako, na wewe umeshindwa siku tatu kwa ajili yake. Vaa, baba. Hadithi itakayokatikia njiani utaimalizia asubuhi. Hiyo asubuhi ndiyo anayoitaka.